Kuku Aliyekataa Kuingia Ndani

Waliponiambia Vestine amekufa nilikuwa nachambua maharagwe, na sikuacha kuyachambua. Aliyenipigia simu ni mama mmoja wa mtaa wa Mabanga, hapa Goma, ambaye zamani alizoea kutusikiliza tukigombana, na nadhani alitaka kunisikia nikilia ili apate la kuwasimulia wenzake. Nilimwambia asante kwa habari, nikamuuliza kilio kiko wapi, nikamaliza maharagwe yangu nikayabandika motoni. Kesho yake nilijifunga kitenge cheusi, nikapanda pikipiki kutoka kwangu Keshero, na njia nzima nilikuwa na hasira. Mtu uliyegombana naye akifa kabla ugomvi haujaisha amekudhulumu, kwa sababu neno la mwisho anaondoka nalo yeye, hata kama hakulisema.

Kilio kilikuwa kwenye nyumba ya mbao, na ua wake ulikuwa wa mawe meusi ya volkano, yale ambayo Mabanga nzima imekaa juu yake. Wanaume walikuwa nje kwenye viti vya plastiki, chini ya shitingi, lile turubai la wakimbizi ambalo siku hizi kila nyumba inalo. Wanawake tulikaa ndani, chini, kwenye mikeka, miguu tumeinyoosha, kama tunavyokaa siku zote msiba ukitokea. Karibu na mlango alikuwepo binti mmoja nisiyemjua, na mtoto wake wa miaka miwili hivi akichezea viatu vya wageni. Waliniletea wali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye sahani ya bati, nikala bila aibu, kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu Vestine katika uhai wake hakuwahi kunigawia chakula. Pembeni yangu walikuwa wanasifia. Mmoja anasema marehemu alikuwa mpole. Mwingine anasema hakuwahi kumsikia akiinua sauti. Nikamtazama huyo msemaji huku natafuna, nikajiuliza kama tumekuja kumlilia mtu yule yule. Ndipo Aline, binti wa marehemu, mwenye paji la uso la mama yake na ile midomo ya dharau ya mama yake, akanisogelea kwa magoti.

"Mama Kavira," akasema, "banasema ulikuwa rafiki ya mama tangu zamani. Unaweza kutuambia ata neno moja?"

"Tulitumika pamoja," nikamjibu, maana yake tulifanya kazi pamoja.

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo. "Bamama basikie."

"Hatukukuwa barafiki, mutoto yangu. Tulitumika pamoja."

Wanawake wa mikeka ya karibu wakageuka. Nilidhani atakasirika, na ningemshukuru kama angekasirika, kwa sababu hasira naijua. Akaniangalia tu. "Basi utuambie vile mulitumika," akasema, akakaa kungoja.

Habari za kwetu, nani alinizaa na kwa nini tulishuka kutoka Butembo, siziweki hapa. Sizo zilizonifanya niwe nilivyo. Kilichonifanya ni chumba kimoja na mwaka mmoja, mwaka ambao mji ulikuwa unajengwa upya juu ya lava iliyopita katikati yake. Chumba kilikuwa maktaba ndogo ndani ya ua wa parokia moja, hapo hapo Mabanga: kuta za mawe meusi, mabati juu, mlango wa bati, dirisha moja lililotazama ua ambako mama mmoja alikaanga mandazi, hivyo vitabu vyetu vyote vilinuka mafuta. Mkuu wake tulimwita Papa Anselme, papa yaani baba. Alikuwa mzee wa tai na viatu vya kung'aa katika mji wenye vumbi jeusi, na alivipenda vitabu kama mwenye duka anavyopenda bidhaa asizotaka kuziuza. Zaidi ya vitabu alipenda kimya. Ikatokea wafadhili wakamletea sanduku la vitabu vya watoto wachanga, vya karatasi ngumu, na sharti juu yake: kila Alhamisi asubuhi kuwe na saa ya hadithi kwa watoto ambao hawajafika miaka mitatu, pamoja na mama zao. Papa Anselme alivitazama kimoja kimoja, nguruwe mwenye buti, theluji, dubu anayeoga, akavipiga mhuri, akavifungia kabatini. "Mutoto wa miezi sita anasoma nini?" aliuliza. "Atakikojolea kitabu." Na katika hilo hakukosea, walikuja wakavikojolea.

Kwa ajili ya hiyo saa moja aliajiri wasichana wawili. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na vyeti vyangu bado vilinuka wino. Vestine alikuwa amefundisha watoto wadogo huko Rutshuru mpaka vita vikamsukuma Goma. Papa Anselme alitueleza mapema, kwa furaha ya mtu anayefunga jogoo wawili kwenye kamba moja: mwisho wa mwaka wafadhili watakuja kutazama, na baada ya hapo kazi itabaki kwa mmoja wetu. Nilitaka Alhamisi ile kuliko nilivyotaka mume, na nilikuwa katika umri wa kutaka mume. Nilitaka kuwa yule ambaye watoto wa mji huu watakumbuka sauti yake kabla hawajajua ni sauti ya nani.

Watu walidhani tunachukiana kwa sababu ya kabila, mimi Mnande, yeye mtu wa Kinyarwanda. Niliwasikia mama wakisema hivyo nje ya dirisha, wakingoja mandazi. "Chumba moja, batu babili bale," alisema mmoja, "utaona, batabomoa nyumba." Ingekuwa ni kabila ingekuwa rahisi, kila mmoja angekuwa na watu wa kumsaidia. Tulichukiana kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake hajui kazi. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi letu halikuwa na hata pembe ya kujificha. Vestine alikuwa mrefu, amepigwa pasi kuanzia kola hadi pindo, na alikuwa na tabia ya kula mkate wake na jibini ya Masisi akiwa amenipa mgongo, kama vile macho yasipoiona, pua haitainusa. Ufunguo nilipewa mimi. Hilo lilimuuma, kwa hiyo kila asubuhi alifika nikiwa nimeshajifungia ndani kwa makusudi, akagonga bati la mlango kwa kucha zake, tap-tap-tap, akaita, "Kavira. Kavira." Nami bila kuinuka nilimjibu, "Unataka nini tena?" Hatukuwahi kuwa na salamu nyingine.

Alhamisi ya kwanza niliipanga mimi. Mwongozo uliokuja na sanduku ulisema mtoto akae mapajani mwa mama yake, uso wake kwa msimulizi. Basi nikaazima mabenchi ya kanisani, nikayapanga kwa mistari, nikasimama mbele na blauzi nyeupe. Mama walikuja wengi, watoto mgongoni, wakajaza mabenchi kwa nidhamu iliyonifurahisha. Nikawasalimu, nikawaomba wawashushe watoto. Wakawashusha. Kisha, kabla sijafungua kitabu, wakaanza kuwavua nguo. Huyu anavua kofia, yule soksi, mwingine amemwacha wake uchi kabisa, na wote wakatoa fishi za kliniki, zile kadi za uzito na chanjo, wakaninyooshea.

"Unaanzia benchi gani?" akauliza mama wa mbele.

"Kuanza nini?"

"Si kupima batoto? Ao leo ni sindano?"

Hawakukosea. Mji wetu haukuwa na chumba kingine ambamo mama hukaa kwa mstari, mtoto mapajani, mbele yao amesimama mwanamke wa blauzi nyeupe mwenye kitu mkononi. Watoto nao walikijua chumba hicho kuliko mama zao. Mmoja alinitazama, akatazama mkono wangu, akapasua kilio, na kilio kikapita benchi hadi benchi kama moto wa majani makavu. Papa Anselme akatoka ofisini na viganja masikioni. Nilipojaribu kueleza kwamba hakuna kupima wala sindano, mambo yaliharibika zaidi.

"Sasa mutatupatia nini?" akauliza yule mama.

"Hadithi, mama."

"Hadithi?" Aliwageukia wenzake. "Nimeacha soko, nimebeba mutoto mu mugongo, nimemuvua na hii baridi, juu ya hadithi. Mutoto atakula hadithi?"

Wakati ule nilimchukia. Sasa naona alikuwa na haki yote. Kwetu mtu anayekusanya mama na watoto anagawa kitu, sabuni, unga, chandarua, na asiyegawa amekuja kuchukua picha. Nisingemwelewa hata hivyo, kwa sababu nilikuwa namsikiliza Vestine, aliyesimama dirishani muda wote huo bila kunisaidia hata kwa kidole, na alikuwa anacheka.

Alhamisi iliyofuata akaipanga yeye. Mabenchi hakuyataka, wala blauzi, wala mbele na nyuma. Alitandika mikeka chumba kizima, akavua viatu, akakaa katikati na miguu ameinyoosha, amejifunga leso kichwani, akitabasamu kwa upole wa watawa. Mama wa kwanza alifika mlangoni akasimama. Akatazama mikeka, akamtazama mwanamke aliyekaa chini, akavua viatu taratibu na kuweka mkono kichwani.

"Nani amekufa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mutu amekufa, mama. Ingia."

Lakini wa nyuma walikuwa wamesikia neno moja tu la hayo, na mama mmoja mzee, ambaye nadhani alikuwa na mgonjwa nyumbani, akaanza kuomboleza pale pale uani. Ilitubidi tumtolee maji. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, mahali pale pale aliposimama Vestine, na nilicheka kwa sauti kubwa kuliko yake. Haya ndiyo tuliyojua kupanga, sisi wataalamu wawili: mmoja alitengeneza kliniki, mwenzake akatengeneza kilio. Wiki zilizofuata mama walipungua mpaka wakabaki wale waliokuja kuota moto wa muuza mandazi. Papa Anselme akatuambia, huku akifuta viatu vyake, kwamba kuna watu wa semina wanaoutaka ukumbi siku ya Alhamisi, watu wazima, wasiolia, na kwamba hatangoja mwisho wa mwaka kama hali ni hii.

Kilichotuokoa ni tusi. Ilikuwa Alhamisi ya mawingu mazito, hakuna mama aliyefika, na mimi nilikuwa nimefumua nywele bila kupata mtu wa kunisuka. Vestine alikula mkate wake, akakung'uta makombo, akanitazama.

"Kavira, hii kichwa yako iko sawa kiota ya kuku. Juu ya nini batoto basikimbie?"

"Wewe uko na mikono," nikamwambia. "Itengeneze basi."

Nilisema kwa kejeli. Yeye akatoa kitana kwenye mkoba, akavuta kigoda, akanionyesha sakafu kati ya magoti yake. Nikaona nikikataa atasema naogopa, nikakaa. Alinisuka kama mtu anayefunga mzigo kwenye chukudu, lile gari letu la mbao la kubebea magunia. Kila mstari aliuvuta mpaka nyusi zangu zikapanda. Nikamwambia ananivuta, akaniambia ndivyo watu wanavyosukwa. Mvua ikaanguka ghafla juu ya mabati, ile ya Goma isiyotoa taarifa, na mama waliokuwa wakipita barabarani wakakimbilia mlango wetu na watoto wao. Walisimama wakachungulia. Mara hii hakuna aliyetoa fishi, wala aliyeweka mkono kichwani. Waliona mwanamke anasukwa na mwenzake, na wanagombana, na hapo ni mahali ambapo kila mwanamke wa mji huu amekaa tangu alipozaliwa. Wakaingia. Mmoja akaketi kushika uzi, mwingine akasema njia ya katikati imepinda, watatu wakaanza kufumuana wao kwa wao. Watoto wakashushwa bila mtu kuomba, wakatambaa kati ya miguu yetu.

Kulikuwa na mtoto aliyeogopa kelele ya mabati. Alikuwa ameinua uso, mdomo umeanza kupinda. Vestine hakuacha kunisuka, alinigonga tu utosini kwa ncha ya kitana, tap-tap-tap.

"Kulikuwa kuku moja," akasema, "kichwa nguvu. Mvua ikakuya, ikamuambia: kuku, ingia mu nyumba."

"Sitaki," nikasema, kwa sababu kweli sikutaka kitu chochote kutoka kwake.

Tap-tap-tap. "Utalowana."

"Nilowane."

"Utalowana, nakuambia."

"Na ata nilowane."

Mtoto akacheka. Akaja akasimama mbele yangu, akanigonga kichwani kwa kiganja na kungoja. Nikakataa tena, kwa hasira zaidi, na wote wakacheka, hata yule mama aliyeuliza kama mtoto atakula hadithi. Mpaka mvua ilipoisha tulikuwa tumegombana hadithi nzima, na hakuna kitabu kilichofunguliwa.

Hivyo ndivyo tulivyoipanga saa ile kwa miezi iliyobaki. Jumatano tulikaa meza moja, kila mmoja na chakula chake, mimi na maharagwe na sombe, kisamvu chetu, yeye na jibini yake, tukabishana nani aseme nini, tugonge wapi, kiganjani kwa wadogo, sakafuni kwa wanaotembea. Tuligundua kwamba mama harudi kusikia hadithi ambayo ameshaijua, lakini anarudi kuona kichwa ambacho hakijamalizika. Basi Vestine alikuwa ananisuka nusu, anaacha nusu, na wiki nzima natembea Goma na leso juu ya aibu hiyo. Vitabu tuliviiba kabatini kimoja kimoja, watoto wakavitafuna, nguruwe akapoteza buti. Na tuliendelea kuchukiana. Nasema hivi kwa sababu najua mnapenda hadithi ambazo kazi inageuza maadui kuwa ndugu. Haikutugeuza. Chuki ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Watoto wale walitaka kusikia sauti mbili ambazo hazikubaliani, na sisi hatukuhitaji kuigiza. Jambo moja hatukulimaliza kamwe. Nilitaka mwishoni kuku aingie ndani, ili mtoto ajifunze kusikia anapoambiwa. Vestine alikataa. "Kuku ikiingia, hadithi inakufa," alisema. Kwa kuwa mvua ndiye aliyeshika kitana, kuku alibaki nje.

Siku ya wafadhili Papa Anselme aliamka mapema kuliko sisi. Tulikuta mabenchi yamepangwa kwa mistari, maua ya plastiki mezani, wageni wameketi pembeni na chupa zao za maji. Alituamuru tuvae nyeupe. Mama walifika mlangoni wakaona, na nikamwona wa kwanza akipeleka mkono kifuani kutafuta fishi. Waliingia kwa sababu ya heshima, wakakaa, na mtoto wa kwanza akaanza. Nilisimama mbele nikiwa na suti nyeupe niliyoazima, najua kwamba baada ya dakika chache chumba kitakuwa kinapiga mayowe na kila nilichokitaka kitakuwa kimekwenda. Vestine akanitazama. Alitoa kigoda chini ya meza, akaketi mbele ya wageni wote, akafungua magoti.

Nilikuwa na nafasi ya kumwacha pale peke yake aonekane mjinga. Niliifikiria, sitasema uongo. Halafu nikakaa sakafuni na ile suti, nikafungua leso, na wafadhili wakaona nusu kichwa. Tap-tap-tap. "Kuku, ingia mu nyumba." Alivuta kwa nguvu kuliko siku zote, na mimi nilikataa kwa sauti kuliko siku zote, na mabenchi yakaanza kubaki matupu kuanzia mbele, mama wakiteremka na watoto wao mpaka chini. Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, alivua viatu akaja kukaa nao. Mtoto akampanda mapajani, akamkojolea, naye akacheka. Ile ndiyo saa bora niliyowahi kufanya kazi katika maisha yangu, na niliifanya nikiwa nimeinamisha kichwa kati ya magoti ya mtu nisiyempenda.

Baada ya wageni kuondoka Papa Anselme alituita ofisini. Kulikuwa na chai ya maziwa na mandazi kwenye sahani, na alitukaribisha yale mandazi kwanza, nikajua kuna mmoja atakayeyahitaji. Akasema wageni wamefurahi. Akasema Vestine atabaki.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe, mama, unasukwa tu. Yeye njo anasimulia." Alifuta mdomo. "Kichwa tutapata ingine."

Vestine alikuwa ameketi kiti cha pili, karibu sana hivi kwamba goti lake liligusa langu. Alikuwa anatazama kucha zake. Neno moja lingetosha: kwamba hadithi ile ina sauti mbili. Alilijua neno hilo kuliko mtu yeyote duniani. Hakulisema. Nilimngoja mpaka chai yangu ikapoa, kisha nikaweka ufunguo mezani nikaenda zangu, na mpaka Keshero sikufunga leso. Kila aliyetaka kutazama nusu kichwa alitazama.

Alikuja. Hilo nalo lazima niliseme, kwa sababu lilitokea. Wiki kadhaa baadaye, mchana, nilikuwa ndani nakula, nikasikia kucha kwenye bati la lango letu. Tap-tap-tap. "Kavira. Kavira." Nilishusha mkono kwenye sahani. Nilijua kwa nini amekuja: alijaribu kusimulia na kichwa kingine, kichwa kinachokubali kila kitu, na watoto hawakucheka. Aligonga, akangoja, akagonga tena. Jirani akatoka kumwambia mwenyewe yumo. Sikujibu. Nilimaliza chakula changu, na mpaka leo sioni kwa nini ningejibu. Neno lile lilitakiwa ofisini, mbele ya Papa Anselme, siyo kwenye lango langu. Baadaye maktaba ilifungwa, watu wa semina wakashinda, Vestine akaolewa. Tulikutana sokoni na kwenye harusi za watu, tukapishana. Nilisikia kwamba siku hizi anapanda Kanyaruchinya, kwenye kambi za wakimbizi, anakaa na mama na watoto wachanga. Nilisikia, sikuuliza.

Hayo niliwasimulia wanawake wa kilio, siyo yote. Niliwapa mabenchi na fishi, nikawapa mikeka na yule aliyeuliza nani amekufa, wakacheka mpaka wakashika matumbo, kisha wakatazama mikeka waliyoikalia. Kuhusu ofisi na lango sikusema. Aline alikuwa anafuta machozi na kucheka kwa pamoja. Ndipo yule binti wa mlangoni akanyoosha shingo.

"Mama, unisamehe. Banakuita nani?"

"Kavira."

"Kavira?" Akaziba mdomo kwa mkono. "Kumbe Kavira ni mutu?"

Sikumwelewa. Akasogea karibu na mtoto wake, akaeleza kwamba yeye ametoka Kanyaruchinya, kwamba Mama Vestine alikuwa anakuja pale kambini kila wiki na kigoda chake, anasuka mtu chini ya shitingi, na mvua ya kule inavyopiga shitingi kila mtu anaijua. Hadithi ilikuwa moja tu. Ya kuku. Na kuku huyo anaitwa Kavira.

"Batoto bote banajua Kavira," akasema. "Mutoto akikataa kula, tunamuita Kavira. Sisi tulizania ni jina ya kuku."

Nikahisi uso unawaka. Miaka yote hiyo, kambi nzima ikinicheka. Lakini kuna jambo moja nililotaka kulijua kuliko kukasirika.

"Na mwisho? Kuku inaingia?"

"Inaingia, mama."

Nilishinda, nikafikiri. Nasema kweli, nilikaa kwenye mkeka wa kilio chake nikafurahi kwamba nimemshinda.

"Inaingia, inafunga mulango," akaendelea binti. "Njo mvua inabakia inje peke yake. Inagonga bati, inaita: Kavira, Kavira. Na Kavira hajibu."

"Halafu?"

"Halafu njo mwisho. Mama Vestine alikuwa anaachia pale. Batoto banagonga, banagonga, mupaka banachoka."

Mtoto wake alikuwa amesikia jina. Aliacha viatu vya watu, akaja juu ya mkeka kwa miguu yake mifupi, akasimama mbele yangu, akatafuta kitu cha kugonga, akaona sahani yangu ya bati. Akaigonga kwa kucha zake ndogo. "Kavila," akasema. "Kavila." Akaniangalia, akangoja, akagonga tena. Machozi yakaanguka kwenye wali uliobaki, na nilikuwa na hasira na Vestine kuliko siku ile ofisini, kwa sababu alikuwa amekwenda kusema neno lake mahali ambapo mimi sipo, kwa watoto wa watu, wiki baada ya wiki, badala ya kurudi langoni mara ya pili. Mtoto akagonga. Nikajifuta uso kwa ncha ya kitenge, nikatafuta ile sauti yangu ya asubuhi za maktaba, ya mtu ambaye hataki kuinuka.

"Unataka nini tena?" nikasema.